Chumba kimoja ushuani au vyumba vitatu mjini: kuchagua wilaya ya shule huku Dallas

Kiangazi kikikaribia na mikataba ya pango ikianza kuisha, wazazi wa Afrika Mashariki na Kongo wanaoishi Dallas na vitongoji vyake hurudi kwenye hesabu ile ile. Upande mmoja kuna mjini: Vickery Meadow, Pleasant Grove, Oak Cliff. Huko unapata vyumba vitatu kwa pango linalolipika, kanisa au msikiti uko karibu, jirani anakuamkia kwa Kiswahili, na watoto wanasoma katika shule za wilaya ya Dallas, yaani Dallas ISD. Upande wa pili kuna ushuani: Highland Park, Southlake, Coppell, sehemu kubwa ya Plano na Frisco. Pango lile lile huko linakupa chumba kimoja na sebule. Watoto wanalala chumbani, baba na mama wanatandika sebuleni, lakini asubuhi watoto wanakwenda kusoma na watoto wa madaktari, wanasheria na wakurugenzi wa makampuni.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Anayelipa pango la ushuani ananunua kitu kimoja kikubwa, nacho ni watu ambao mtoto wake atakua nao. Majengo na maabara ni nyongeza. Ndiyo maana ninazipima pande hizi kwa maswali mawili. Mtoto ana umri gani leo? Na pango likishalipwa, nyumbani kutabaki pesa na muda wa kumwezesha kuingia kweli katika maisha ya wenzake, au ataketi nao darasani tu, kisha kengele ikilia arudi kujifungia ndani? Mtoto mdogo, katika familia inayobakiwa na chochote mfukoni, ningempeleka ushuani hata kama wazazi watalala sebuleni. Mtoto aliyekwisha kufika gredi ya tisa ningembakiza mjini, nguvu zote nizielekeze kumtafutia shule nzuri ya huko huko.

Pesa za shule zenyewe

Wengi huamini kwamba shule za ushuani ni nzuri kwa sababu bajeti yao ni kubwa mno kuliko ya mjini. Zamani ilikuwa hivyo kabisa. Mwaka 1968 wazazi wa Edgewood, wilaya ya Wamarekani wenye asili ya Meksiko katika jiji la San Antonio, walikwenda mahakamani wakiongozwa na Demetrio Rodriguez, fundi wa mabati katika kambi ya jeshi la anga. Wilaya yao ilikuwa na dola 356 kwa kila mwanafunzi. Alamo Heights, mtaa wa matajiri katika jiji hilo hilo, ilikuwa na dola 594, ingawa wakazi wa Edgewood walijitoza kodi ya majengo kwa kiwango cha juu zaidi. Mwaka 1973 Mahakama ya Juu ya Marekani iliwakatalia kwa kura 5 dhidi ya 4. Kesi nyingine ikafunguliwa kwa kutumia katiba ya Texas yenyewe, ikashinda mwaka 1989, na mwaka 1993 bunge la jimbo likaweka utaratibu ambao hadi leo watu wanauita Robin Hood: wilaya zenye majengo ya thamani kubwa hurudisha sehemu ya kodi zao kwa jimbo. Highland Park na Plano ni miongoni mwa zinazorudisha.

Kwa hiyo pengo la bajeti kati ya darasa la Dallas na la Plano si kubwa kama linavyosimuliwa kwenye sherehe zetu. Tofauti inayobaki iko pembeni ya bajeti: michango ya wazazi, walimu wa ziada wanaolipwa nyumbani jioni, na mikopo ya ujenzi inayoidhinishwa kwa kura za wakazi. Allen ilifungua mwaka 2012 uwanja wa futiboli ya Kimarekani uliogharimu dola milioni 60, wenye viti 18,000, kwa ajili ya shule moja ya sekondari. Ukipita pale unaweza kushawishika kwamba mtoto akisoma karibu na kitu kile maisha yake yamekwisha nyooka. Uwanja hauelezi chochote kuhusu mwalimu wa hesabu. Mjini nako kuna pesa za serikali kuu zinazokwenda kwa shule zenye watoto wengi wa kipato cha chini, nazo hulipia walimu wasaidizi na masomo ya ziada ambayo shule ya ushuani huenda haina, kwa sababu wazazi wa huko hujilipia wenyewe.

Umri wa mtoto

Hapa ndipo penye uzito, na ndipo wazazi wengi hupaacha hadi kumechelewa. Familia hungoja mtoto afike sekondari ndipo ihame, kwa hoja kwamba sekondari ndiyo inayopeleka chuo. Ushahidi tulio nao unasema kinyume.

Mwaka 1994 serikali ya Marekani ilianzisha mpango uitwao Moving to Opportunity katika miji mitano: Baltimore, Boston, Chicago, Los Angeles na New York. Familia zipatazo 4,600 zilizokuwa zikiishi katika mitaa ya umaskini mkubwa zilipigiwa bahati nasibu, na baadhi zikapewa vocha za pango zilizotumika tu katika mitaa yenye maskini wachache. Miaka ya mwanzo watafiti walivunjika moyo, maana alama za watoto shuleni hazikupanda kama walivyotarajia. Lakini mwaka 2015 wachumi Raj Chetty, Nathaniel Hendren na Lawrence Katz waliwafuatilia watoto wale wakiwa watu wazima. Waliohama kwa vocha hizo kabla ya kufikisha miaka 13 walikuwa na kipato cha juu kwa asilimia 31 kuliko wenzao ambao hawakupata vocha, na wengi zaidi walikuwa wameingia chuo. Waliohama wakiwa wamevuka umri huo hawakuonyesha faida, na dalili zilikuwa kwamba kuhama kuliwaumiza kidogo.

Maelezo yake si magumu kwa mtu aliyelea kijana. Mtoto wa miaka saba akihamishwa, kufikia Krismasi ana rafiki. Kijana wa miaka kumi na tano anaondolewa kwenye kundi alilolijenga kwa miaka, anapelekwa mahali ambapo makundi yameshafungwa tangu chekechea, na anabaki na miaka mitatu tu ya kufaidi kile ambacho wazazi wake wanajinyima kukilipia.

Mfano ulio karibu zaidi na swali letu unatoka Montgomery, kaunti tajiri ya Maryland jirani na Washington. Tangu miaka ya 1970 kaunti hiyo inawataka wajenzi watenge baadhi ya nyumba mpya kwa ajili ya watu wa kipato cha chini, na mamlaka ya nyumba hununua sehemu yake na kuzipangisha kwa bei nafuu. Familia hazichagui mtaa, zinapangiwa. Mtafiti Heather Schwartz aliwafuata watoto 858 wa familia hizo kuanzia 2001 hadi 2007, katika kipindi ambacho kaunti ilikuwa pia ikimwaga pesa za ziada katika shule zake zenye watoto maskini wengi. Walioangukia shule za matajiri waliwapita wenzao walioangukia shule zilizoongezewa pesa. Kufikia mwisho wa shule ya msingi, pengo kati yao na wanafunzi wasio maskini lilikuwa limepungua kwa nusu katika hesabu na kwa theluthi moja katika kusoma. Matokeo hayo yalichukua miaka kujitokeza, na hilo ni jambo la kulitia akilini kabla hujaamua kujaribu kwa mwaka mmoja.

Kuna jambo ambalo wanaonukuu tafiti hizi hulisahau, nami naliona kuwa ndilo muhimu kwetu. Familia za Montgomery na familia za vocha zilikuwa zimesaidiwa pango. Hakuna aliyelazimika kuongeza shifti ya usiku ghalani Amazon ili alipie anwani. Anayehamia Coppell kwa kumaliza nusu ya mshahara wake kwenye pango, mama akawa haonekani nyumbani kuanzia saa tisa alasiri hadi usiku wa manane, hajafanya kile kilichopimwa katika tafiti zile. Amefanya jambo jingine, na hakuna ajuaye kama litalipa. Wenye apatimenti wengi huku hudai kipato kinachofikia mara tatu ya pango. Ukiona unatafuta mtu wa kukusainia kwa sababu hufikii kiwango hicho, ichukulie kama habari kuhusu maisha yatakavyokuwa, usiichukulie kama kikwazo cha makaratasi tu.

Marafiki, na jinsi ya kuwapata

Mwaka 2022 Chetty na wenzake walichapisha katika jarida la Nature uchambuzi wa urafiki bilioni 21 kwenye Facebook. Waligundua kwamba urafiki kati ya watu wa kipato cha chini na wa kipato cha juu ndio uliohusiana kwa nguvu zaidi na mtoto maskini kupanda kimaisha. Mtoto wa kipato cha chini akikulia mahali ambapo urafiki huo ni mwingi kama ulivyo kwa mtoto wa familia yenye nacho, kipato chake cha utu uzima hupanda kwa wastani wa asilimia 20. Lakini waliligawa jambo hili sehemu mbili. Takriban nusu ya tatizo ni kwamba maskini na matajiri hawakutani kabisa. Nusu nyingine ni kwamba hata wakikutana katika shule moja hawafanyi urafiki, na hali hiyo ni mbaya zaidi katika shule kubwa.

Pango linakununulia nusu ya kwanza tu. Nusu ya pili mtoto huipata kwenye bendi, kwenye timu, kwenye kikundi cha hesabu, kwenye kulala kwa rafiki siku ya Ijumaa na kumwalika yeye aje kwenu. Wazazi wetu wengi hukwama hapo. Wanaona aibu kwamba nyumbani ni padogo, au wanakataza mtoto kulala kwa watu kwa sababu za malezi yetu, na sababu hizo nazielewa na kuziheshimu. Basi mfanye mengine. Mpe mwenzake lifti kutoka mazoezini. Karibisha watoto wawili waje kula chapati na maharage Jumamosi mchana. Mtoto wa miaka minane hahesabu vyumba. Atakumbuka chapati.

Kwa mtazamo huu shule ndogo ya msingi ya ushuani ina thamani kubwa kuliko sekondari ya huko. Plano, kwa mfano, huwagawa vijana wake: gredi ya tisa na ya kumi shule moja, ya kumi na moja na kumi na mbili shule nyingine, na hizo za mwisho huwa na wanafunzi zaidi ya 2,000. Mgeni anayeingia hapo gredi ya kumi anabadilisha shule tena mwaka unaofuata.

Sekondari: mjini kuna vitu ambavyo ushuani haviko

Mwaka 1997 Texas ilipitisha sheria inayompa nafasi ya moja kwa moja katika vyuo vikuu vya umma vya jimbo mwanafunzi aliye katika asilimia 10 ya juu ya darasa lake, shule yoyote aliyosoma. Chuo Kikuu cha Texas kilichoko Austin kimeruhusiwa kubana zaidi, kwa miaka kadhaa kikichukua asilimia 6 ya juu, na kwa wanaoingia kuanzia 2026 asilimia 5. Texas A&M na vingine vimebaki na kumi.

Mzazi, lifikirie hilo vizuri. Kijana mwenye bidii aliyekuja Texas akiwa na miaka kumi na minne, Kiingereza chake bado kinajengeka, akiwekwa Highland Park atashindana kwenye orodha ile ile na watoto waliofundishwa na mwalimu wa binafsi tangu gredi ya tatu. Anaweza kufanya vizuri sana na bado akaishia nafasi ya asilimia 30. Kijana huyo huyo, kwa bidii hiyo hiyo, katika sekondari ya kawaida ya Dallas anaweza kuingia asilimia 10 ya juu, na mlango wa chuo ukafunguka kwa sheria. Pesa za chuo nazo zimesogea: kuanzia vuli ya 2025, mfumo wa vyuo vya Chuo Kikuu cha Texas unafuta ada ya masomo kwa wanafunzi wa jimbo, wanaosoma shahada ya kwanza na kutimiza masharti, ambao familia zao zina kipato cha dola 100,000 au chini yake kwa mwaka.

Dallas ISD ina mambo mengine mawili ambayo singeyaacha kirahisi. La kwanza ni shule maalumu za kuomba nafasi. Jengo la Townview lina School for the Talented and Gifted, shule ambayo imeshawahi kutajwa kuwa ya kwanza nchi nzima kati ya sekondari za umma, na Booker T. Washington ni shule ya sanaa alikosoma Norah Jones na Erykah Badu. Maombi yake hufanyika miezi mingi kabla ya mwaka wa masomo, na familia nyingi za kwetu husikia habari zake yakiwa yamefungwa. La pili ni programu za P-TECH na za chuo cha mapema, zilizoanza kupanuliwa mwaka 2016, ambazo mwanafunzi anaweza kumaliza sekondari akiwa tayari na stashahada ya miaka miwili bila kulipa ada. Kwa kijana ambaye familia inamtegemea aanze kuchangia mapema, hiyo ni njia ya heshima kabisa.

Wanaosema kwamba kubaki mjini ni kumnyima mtoto nafasi hawajaziangalia shule hizi. Nasema hivyo nikijua pia kwamba sekondari ya kawaida ya mtaa, isiyo ya kuomba, inaweza kuwa na walimu wanaobadilika kila mwaka na darasa lenye kelele. Asiyeingia shule maalumu wala P-TECH, ubora wa upande wa mjini unapungua sana, na mzazi asijidanganye hapo.

Yanayolipwa pembeni

Chakula ni cha kwanza. Dallas ISD hulisha wanafunzi wake wote bure, asubuhi na mchana, bila fomu, kwa sababu ina watoto wengi wa kipato cha chini kiasi cha kuruhusiwa na serikali kuu kufanya hivyo. Ushuani kwa kawaida fomu lazima ijazwe, na kila mwaka upya. Kwa mwaka wa masomo 2025–26, familia ya watu wanne yenye kipato kisichozidi dola 41,795 ilipata chakula cha bure, na hadi dola 59,478 ilipata cha punguzo, ambacho hakizidi senti 40 kwa mlo wa mchana. Fomu haiulizi hali yako ya uhamiaji. Inauliza tarakimu nne za mwisho za namba ya Social Security ya mtu mzima mmoja, na asiyenayo anaweka alama kwamba hana.

Jazeni fomu ile. Najua kuna wanaoona fedheha, hasa katika shule ambayo wanaoijaza ni wachache. Lakini haiishii kwenye chakula. Mtoto aliyekubaliwa hupata mtihani wa SAT, ule wa kuombea vyuo, bure mara mbili, hupata msamaha wa ada za kuomba vyuo, na punguzo kwenye mitihani ya AP, yaani ya masomo ya kiwango cha chuo yanayofundishwa sekondari. Watoto pia hawajulikani kwenye foleni, maana kila mmoja huingiza namba yake tu.

Kisha kuna yale yasiyo na fomu. Bendi ya sekondari hugharimu mamia ya dola kwa mwaka, na bendi kubwa hupita elfu moja. Sheria ya elimu ya Texas inazitaka wilaya ziwe na utaratibu wa kumsamehe ada mwanafunzi ambaye mzazi wake hawezi kulipa, lakini hakuna atakayekufuata nyumbani kukuambia. Mwandikie mkuu wa shule au mshauri wa wanafunzi mwezi wa nane, kabla ada haijawa deni. Huku Texas kuna pia desturi ya ua la homecoming, sherehe ya shule ya kila vuli, wanaloliita mum: ua kubwa la bandia lenye riboni, kengele na vidoli, ambalo binti huvaa kifuani siku ya mechi. Likinunuliwa dukani linaweza kufika mamia ya dola. Mama zetu wanaosuka nywele na kushona wanaweza kulitengeneza nyumbani kwa riboni za duka la ufundi kwa bei ndogo, na nimeona yaliyotengenezwa hivyo yakiwa mazuri kuliko ya kununua. Sherehe za kuzaliwa za shule ya msingi ni kero ya kila wikendi. Weka zawadi ya aina moja na bei moja kwa wote na usiombe radhi. Simu zimepunguza makali kidogo, kwani sheria ya Texas ya mwaka 2025 imezuia wanafunzi kuzitumia siku nzima ya shule, kwa hiyo mashindano ya nani ana toleo jipya yamehamia nje ya geti.

Usafiri unaweza kuvunja hesabu yote. Treni na mabasi ya DART hayaingii Frisco, Allen wala Southlake. Familia yenye gari moja, baba anafanya kazi uwanja wa ndege na mama kwenye nyumba ya wazee, huko itahitaji gari la pili, bima ya pili na barabara za kulipia. Hesabu hizo ziwekwe juu ya pango kabla ya kulinganisha.

Lugha, rangi na watu wa nyumbani

Mtoto aliyetoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, mwaka jana na mtoto aliyezaliwa Texas na wazazi Wakenya hawahitaji kitu kimoja. Kwa wa kwanza naona mjini kuna faida ya wazi. Sekondari ya Conrad, iliyoko Vickery Meadow, imepokea vijana wakimbizi kutoka nchi nyingi tangu ilipofunguliwa mwaka 2006, na walimu wake wamezoea mwanafunzi ambaye masomo yake yalikatika kambini. Katika shule ya ushuani anaweza kuwa peke yake anayejifunza Kiingereza katika gredi yake, mwalimu wa lugha akija mara chache kwa wiki. Haki anayo kote. Uamuzi wa Mahakama ya Juu wa mwaka 1974, Lau dhidi ya Nichols, ulilazimisha shule kuwasaidia watoto wasiojua Kiingereza, na ule wa 1982, Plyler dhidi ya Doe, uliotokana na mji wa Tyler hapa hapa Texas, ulisema mtoto hanyimwi shule kwa sababu ya makaratasi ya uhamiaji. Ila haki iliyoandikwa na mwalimu aliyezoea ni vitu viwili.

Kuhusu rangi sitaki kupaka mafuta. Southlake, mwaka 2018, video ya wanafunzi wazungu wa wilaya ya Carroll wakiimba tusi la kibaguzi ilisambaa, na mpango uliotungwa kurekebisha mambo uligawanya wazazi hadi kuamua uchaguzi wa bodi ya shule mwaka 2021. Zipo familia za Kiafrika zinazoishi huko vizuri na zinazopenda shule zao. Mtoto mweusi wa ushuani hata hivyo anahitaji mahali pengine pa kuwa mmoja wa wengi: kwaya, madrasa, timu ya mpira ya vijana wetu, sherehe za jumuiya. Mkihama, safari ya kurudi mjini kila wikendi iingizwe kwenye bajeti sawa na umeme.

Anwani, na njia ya katikati

Usitumie anwani ya mjomba. Texas hutaja kwenye fomu ya uandikishaji kwamba kudanganya makazi ni kosa la jinai na kwamba unaweza kudaiwa ada ya muda wote mtoto aliosoma. Huko Ohio mwaka 2011, mama aitwaye Kelley Williams-Bolar alifungwa siku tisa kwa kuwasomesha binti zake kwa anwani ya baba yake katika wilaya yenye nafuu, kabla gavana hajampunguzia kosa. Lakini kama kweli mmepoteza nyumba na mnaishi kwa ndugu kwa sababu ya shida ya kiuchumi, hiyo ni hali nyingine. Sheria ya McKinney-Vento ya mwaka 1987 inampa mtoto wenu haki ya kuandikishwa mara moja mahali mnapolala, hata bila mkataba wa pango, au kuendelea na shule yake ya zamani. Muulizeni afisa wa wilaya anayehusika na sheria hiyo. Kila wilaya lazima iwe naye.

Wengi pia hawajui kwamba mpaka wa jiji na mpaka wa wilaya ya shule ni mistari miwili tofauti. Sehemu za kaskazini kabisa ya Dallas ziko chini ya Plano ISD au Richardson ISD, na huko kuna apatimenti za zamani zenye pango la chini kuliko Plano penyewe. Ni njia ninayoipenda kwa familia yenye watoto wadogo. Angalieni jambo moja: apatimenti nyingi zikirundikana pamoja, mara nyingi hupangiwa shule moja ya msingi ambayo karibu wote ni watoto wa apatimenti hizo, na hapo mnakuwa mmelipia jina la wilaya bila kupata kile mlichokifuata. Ingieni TXschools.gov, andikeni jina la shule yenyewe, si la wilaya, mtazame asilimia ya wanafunzi wa kipato cha chini. Mimi hupenda kuiona kati ya robo na nusu, mahali ambapo mtoto hayuko peke yake na pia hajatengwa. Kisha achaneni na ile herufi kubwa A au B iliyo juu ya ukurasa, alama ambayo jimbo huipa shule. Shukeni kwenye sehemu ya Closing the Gaps na ya maendeleo ya wanafunzi, mwone watoto wa kipato cha chini wa shule hiyo wanafanyaje. Zipo shule za A ambazo watoto kama wetu hawasogei, na zipo za B ambazo wanapaa.

Wenye watoto wa umri tofauti ndio wanaoumia zaidi kuchagua. Mkubwa yuko gredi ya kumi Conrad na yumo katika asilimia 10 ya juu, mdogo anaanza gredi ya kwanza. Mimi ningebaki mjini miaka miwili na ushei hadi mkubwa amalize, ningemwombea mdogo nafasi katika shule ya msingi ya kuomba ndani ya Dallas ISD, na ningeanza kuweka akiba ya dipoziti na mwezi wa kwanza wa pango, ili tuhame mdogo akiingia gredi ya tatu au ya nne. Kama mkubwa yuko gredi ya sita au ya saba na mdogo chekechea, ningehama mwaka huu.